Esanse Inayopoza: Historia ya Mchanganyiko mu Moteri za Turbo



Zamu hii sitaongea mihogo wala mbolea, ijapokuwa mbolea itaingia kidogo. Nataka tuongee moteri ya turbo, ile ya esanse, juu kuna jambo moja ndani yake ambalo watu wengi hawalijui. Ukikanyaga akselerateri mpaka chini, moteri ile inapewa esanse nyingi kuliko ile inaweza kuunguza. Haiko kosa la mekanisye. Wale walioiunda walipanga hivyo kwa makusudi. Sehemu ya esanse inaingia mu silinda, inapoza vyuma, kisha inatoka na moshi bila kumaliza kuungua.

Kwa mtu anayenunua esanse kwa bidoni, habari hiyo inauma. Lakini nyuma yake kuna historia ya zaidi ya miaka 100, na swali moja linarudi kila mara mu historia ile: nguvu ikiongezwa, nani analipa? Wakati mwingine alilipa rubani, wakati mwingine mwenye gari, wakati mwingine mtoto anayevuta hewa pembeni ya barabara. Wasomi kama sisi tunapaswa kujua kusoma hesabu hiyo, hata kama hatukusoma politekniki.

1. Hesabu tatu za kuelewa kwanza

Wale tuliosoma kilimo tunajua kwamba komposti nzuri inahitaji kaboni na azoti kwa kipimo, karibu sehemu 25 mpaka 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya azoti. Ukikosea kipimo, komposti inalala ao inanuka. Moteri ya esanse iko vilevile. Kilo 1 ya esanse inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili yote iungue na oksijeni yote iishe. Kilo 14.7 za hewa ni karibu mita 12 za ujazo, ni kusema hewa ya chumba kidogo cha kulala. Kipimo hicho mainjenieri wanakiita lambda 1.

Esanse ikizidi kipimo, mamekanisye wetu, kwa kufuata Kifaransa, wanasema mchanganyiko ni tajiri. Hewa ikizidi, wanasema ni maskini. Nitatumia maneno hayo hayo, juu njo yanatumika garajini.

Sasa hesabu ya pili. Ukitaka nguvu nyingi zaidi, hauendi kwa 14.7. Unaenda kwa utajiri kidogo, karibu 12.5 ao 13 kwa 1. Juu ya nini? Juu mu silinda kitu kinachokosekana ni oksijeni. Ni ile sheria ya Liebig tuliyokariri mwaka wa kwanza: mavuno yanaamuliwa na kile kilicho kichache zaidi. Ukiongeza esanse kidogo, unahakikisha kwamba hakuna oksijeni inabaki bure bila kukutana na mafuta.

Hesabu ya tatu njo kiini cha habari yetu. Moteri ya turbo, ikisukumwa mpaka mwisho, mara nyingi ilipangwa kwenda mpaka 12, 11.5, hata chini ya hapo. Hapo nguvu haiongezeki tena, inaanza hata kupungua kidogo. Lakini joto linashuka. Esanse ya ziada inageuka mvuke na kuchukua joto, sawa vile jasho linapoza ngozi. Tena, juu oksijeni haitoshi, kaboni nyingine inaishia kuwa monoksidi ya kaboni, na ule uunguzaji wa nusu njia unatoa joto dogo kuliko uunguzaji kamili. Kwa hiyo pistoni, supape na gurudumu la turbo vinapona. Bei yake ni mafuta mengi na moshi wenye sumu.

2. Turbo ilizaliwa juu ya hewa nyembamba

Mwaka 1905 injenieri wa Uswisi, Alfred Büchi, aliomba breveti ya wazo lake. Moshi unaotoka mu moteri bado uko na nguvu. Tuache moshi ule uzungushe gurudumu moja, na gurudumu lile lizungushe lingine linalosukuma hewa mpya ndani ya silinda. Wazo lilikuwa mbele ya wakati wake, vyuma vya siku zile havikuweza kuvumilia joto lile. Ilimfikisha mpaka mwaka 1925 kuonyesha moteri ya dizeli yenye turbo inayofanya kazi vizuri. Miaka 20. Wenye kuandika memwari na kulia kwamba direkteri hajibu, mumukumbuke Büchi.

Wakati ule Vita ya Kwanza ya Dunia ilileta shida nyingine: ndege. Kadiri ndege inapanda, hewa inakuwa nyembamba na moteri inakosa pumzi. Mufaransa Auguste Rateau alijaribu turbo kwa ndege. Mu Marekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipeleka moteri ya ndege ya aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, mu Colorado, mwaka 1918, karibu mita 4,300 juu ya bahari. Moteri ile, iliyotoa karibu nguvu farasi 350 huko chini, ilitoa karibu 230 tu huko juu. Walipofunga turbo, nguvu yote ilirudi, na kidogo zaidi.

Sisi wa Bukavu na Goma tunaelewa jambo hilo bila kupanda Pikes Peak. Tunaishi karibu mita 1,500 juu ya bahari, na msukumo wa hewa hapa ni karibu asilimia 85 ya ule wa pwani. Gari isiyo na turbo inapoteza nguvu ile ile tangu asubuhi. Gari yenye turbo inaweza kuirudisha, lakini gurudumu lake linapaswa kuzunguka mbio zaidi, na hewa inayobanwa zaidi inatoka ya moto zaidi. Turbo haitoi kitu cha bure.

3. Kugonga, na risasi iliyowekwa mu esanse

Ukibana hewa unaipasha moto. Mwenye amepampu baiskeli anajua, pampu inakuwa ya moto mkononi. Mu silinda, hewa ikiwa moto sana, sehemu ya mwisho ya mchanganyiko haingoji moto wa buji uifikie. Inalipuka yenyewe kwa ghafla. Unasikia mlio kama vile mtu anapiga nyundo ndogo juu ya chuma. Njo kule kugonga. Kugonga kwa muda mfupi kunasumbua masikio. Kukiendelea wakati moteri inasukumwa mpaka mwisho, kunatoboa pistoni.

Harry Ricardo wa Uingereza alichunguza sana shida hiyo. Mu Marekani, Thomas Midgley, aliyefanya kazi chini ya Charles Kettering ndani ya General Motors, alitafuta dawa ya kutia mu esanse. Mwezi wa 12 mwaka 1921 aliipata: tetraetili ya risasi, ile risasi ambayo Kifaransa kinaita plomb. Kiasi kidogo sana kilizuia kugonga. Esanse hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka 1924, mu kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi 5 walikufa kwa sumu hiyo, na wengine wengi waliugua. Biashara iliendelea.

Tukumbuke pia kwamba wale watafiti walijua kwamba alkoli inazuia kugonga. Waliijaribu wenyewe. Lakini alkoli inatoka shambani, kila mtu anaweza kuitengeneza, na haikuwa rahisi kuifungia ndani ya breveti moja. Risasi njo ilishinda. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliamua kuiacha kufuatia mkutano wa Dakar wa mwaka 2001, na zikafika mwisho wa kazi ile kuanzia mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Ni karibu miaka 100 tangu ilipoanza kuuzwa. Wengi wetu tunaosoma haya tulizaliwa na kuanza shule tukivuta risasi ile, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Kwa hiyo mtu akisema habari ya mchanganyiko wa mafuta ni ya mamekanisye tu, mumuulize kama watoto walikuwa mamekanisye.

4. Vita: maji na somo la Lindbergh

Mu Vita ya Pili ya Dunia, Wamarekani walikuwa na ndege nyingi za turbo: B-17, P-38, P-47. Hapo shida ya kupoza ilikuwa ya kufa na kupona. Rubani anayefukuzwa anataka nguvu yote sasa hivi. Jibu la kwanza lilikuwa esanse nyingi sana. Jibu la pili lilikuwa zuri zaidi: maji yaliyochanganywa na alkoli, yakirushwa ndani pamoja na hewa. Maji yanachukua joto mingi kuliko esanse yanapogeuka mvuke. Moteri ya P-47, iliyotoa nguvu farasi 2,000, ilifika karibu 2,300 kwa dakika chache kwa njia hiyo.

Hapa kuna kitu kinachopendeza. Wakati maji yanaingia, mtambo ulipunguza esanse kwa makusudi. Juu ya nini? Juu sasa maji njo yanapoza, esanse haihitajike tena kwa kazi ile. Inaweza kurudi kwa kipimo chake cha nguvu nyingi. Hapo inaonekana wazi kwamba utajiri ule wote haukuwa kwa ajili ya nguvu. Ulikuwa kwa ajili ya joto.

Mwaka 1944 Charles Lindbergh, yule aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, alikuwa New Guinea pamoja na marubani wa P-38. Fundi wa ndege waliona kwamba ndege yake inarudi na mafuta mengi kuliko za wengine. Aliwaeleza vijana siri yake: mu safari ya kawaida, mupunguze mizunguko ya moteri, muache msukumo wa hewa uwe juu, na muweke mchanganyiko maskini. Wengi waliogopa kwamba moteri zitaungua. Hazikuungua. Ndege zikaanza kufika mamia ya kilomita mbali zaidi.

Somo lake ni hili: mchanganyiko maskini si hatari kila wakati, na tajiri si salama kila wakati. Inategemea mzigo. Wakati moteri inatembea polepole, umaskini unaokoa mafuta. Wakati inasukumwa mpaka mwisho, umaskini ule ule unayeyusha pistoni.

5. Mwaka 1962: njia mbili

Turbo ilifika mu magari ya kuuzia watu mwaka 1962, na General Motors ilileta aina mbili mwaka ule ule.

Ya kwanza, Oldsmobile Jetfire, ilikuwa na moteri ya litri 3.5 na nguvu farasi 215. Wainjenieri walikataa kupunguza kipimo cha kubana, walikiacha 10.25 kwa 1, kipimo cha juu sana kwa moteri ya turbo ya siku zile. Ili isigonge, walirudia akili ya vita: chupa ya maji yaliyochanganywa na metanoli, yaliyoitwa Turbo-Rocket Fluid. Mwenye gari alipaswa kuijaza. Chupa ikiisha, valvu moja ilifunga nguvu ya turbo.

Kwa karatasi, ni akili nzuri. Mu maisha, wenye magari walisahau kujaza, nguvu ikapotea, wakalalamika. Ziliuzwa chini ya 10,000, na mwisho kampuni ikakubali kutoa turbo mu magari ya wenye kutaka na kuweka karbirateri ya kawaida.

Ya pili, Chevrolet Corvair Monza Spyder, haikuwa na chupa. Walipunguza kipimo cha kubana mpaka 8 kwa 1 na kukubali nguvu farasi 150. Hakuna mtu aliyelazimika kukumbuka kitu. Karibu dunia yote ilifuata njia hiyo kwa miaka mingi iliyofuata: bana kidogo, tia esanse mingi, mwenye gari alipe kwenye pampu bila kujua. Malipo yasiyoonekana yanakubalika haraka kuliko malipo yanayoonekana. Hiyo haiko sheria ya moteri peke yake.

6. Ulaya, bei ya petroli, na sikio la Saab

BMW ilionyesha 2002 Turbo mwezi wa 9 mwaka 1973. Kipimo cha kubana kilikuwa 6.9 kwa 1, cha chini sana. Mwezi uliofuata vita vilianza Mashariki ya Kati, na bei ya petroli ikapanda dunia nzima. Gari ilionekana kama matusi, na zikaundwa 1,672 tu. Porsche ilifuata na 911 Turbo, litri 3.0 na nguvu farasi 260, ikibana 6.5 kwa 1. Hizo zilikuwa gari za kishujaa, lakini chini, kabla ya turbo kuamka, zilikuwa nzito, na juu zilikunywa sana.

Watu wa Saab, huko Uswidi, waliuliza swali tofauti. Mwaka 1977 walionyesha 99 Turbo yenye turbo ndogo inayoamka mapema, kwa dereva wa kila siku. Kisha injenieri wao, Per Gillbrand, na wenzake walitengeneza mtambo ulioitwa APC, uliofika mu magari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliweka sikio ndogo ya umeme juu ya moteri. Sikio lile linasikia kugonga kunapoanza, na mtambo unapunguza msukumo wa turbo mara moja.

Mbele ya hapo, mainjenieri walipanga kwa hofu. Hawakujua dereva atatia esanse gani, jua litakuwa kali namna gani, mlima utakuwa mrefu namna gani. Kwa hiyo waliweka utajiri wa kutosha kwa siku mbaya kuliko zote, na dereva akalipa utajiri ule kila siku, hata siku nzuri. Wakulima wanaomwaga ire bila kupima udongo wanafanya vilevile. Hofu njo inapima mahali pao. Sikio la Saab lilianza kuondoa hofu na kuweka kipimo.

7. Miaka ya litri zilizohesabiwa

Mu mbio za Formula 1, Renault ilileta turbo mwaka 1977 pale Silverstone. Gari ilitoa moshi na kuharibika kila mara, Waingereza wakaicheka na kuiita birika ya njano. Mwezi wa 7 mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille alishinda nayo pale Dijon, na kicheko kikaisha. Mwaka 1983 Nelson Piquet alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia mu gari ya turbo, Brabham yenye moteri ya BMW: litri 1.5, silinda 4. Moteri za namna hiyo, zikifunguliwa kwa ajili ya kupanga nafasi ya kuanzia tu, zilipita nguvu farasi 1,000.

Zilivumilia namna gani? Kwa esanse. Utajiri mkubwa sana, na mafuta yaliyotengenezwa kwa toluene nyingi, juu toluene haigongi haraka. Kisha wakubwa wa mchezo waliweka mpaka. Kuanzia mwaka 1984 gari ilipewa litri 220 kwa mashindano mazima, bila kujaza njiani. Mwaka 1986 zikawa 195. Mwaka 1988 zikawa 150, na msukumo wa turbo ukafungwa kwenye bar 2.5.

Ghafla esanse ya kupozea ikawa anasa. Imola, mwaka 1985, ilionyesha jambo hilo vizuri sana. Ayrton Senna aliyekuwa wa kwanza aliishiwa na mafuta mbele ya mwisho. Stefan Johansson wa Ferrari akachukua nafasi ya kwanza, naye akaishiwa. Alain Prost akafika wa kwanza, lakini gari yake ilipopimwa ilikuna nyepesi kuliko sheria, akaondolewa. Ushindi ukaenda kwa Elio de Angelis. Mbio zile zilishindwa na hesabu ya mafuta na ya kilo.

Mwaka 1988 Honda ilionyesha mtu anayejua kupima anaweza nini. Litri 150 kwa karibu kilomita 300, na zaidi ya nguvu farasi 600. Waliacha kutegemea esanse ya ziada. Kwa kuwa toluene haigeuki mvuke kwa urahisi, walipasha mafuta moto mbele ya kuyaingiza, ili hata mchanganyiko usio tajiri sana uungue vizuri. McLaren yenye moteri hiyo ilishinda mara 15 kati ya 16. Mwaka uliofuata turbo zilikatazwa, lakini somo lilibaki: mtu akinyimwa kumwaga, anajifunza kupima.

8. Mtihani usiofika sura ya mwisho

Mu magari ya kawaida, kupima kulianza na sonda ya lambda. Bosch iliitengeneza, na Volvo ikaiweka mu magari yake ya Marekani mwaka 1976. Inakaa mu bomba la moshi na kusema: hapa oksijeni imebaki, hapa haikubaki. Kompyuta inarekebisha esanse kila mara karibu na lambda 1, na katalizeri inasafisha moshi.

Lakini sonda ya kwanza ilijua paka kusema «tajiri» ao «maskini». Haikuweza kusema tajiri kiasi gani. Kwa hiyo dereva akikanyaga mpaka chini, kompyuta iliacha kuisikiliza na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani, lenye utajiri wa hofu tena. Sonda zinazoweza kupima utajiri wenyewe zilienea kuanzia miaka ya 1990.

Na mitihani? Ulaya ilipima moshi wa magari kwa miaka mingi juu ya mashine, kwa mwendo mpole sana, ambao karibu haukufika mahali pa kukanyaga mpaka chini. Gari ilipata alama nzuri, kisha barabarani ilitoa monoksidi kila inapopanda mlima. Kila mwanafunzi anaelewa: kama mtihani haugusi sura ya mwisho, hakuna anayeisoma. Kuanzia mwaka 2017 aina mpya za magari zilianza kupimwa barabarani kweli, na sura ile ikaanza kusomwa. Viwanda vikaleta esanse inayorushwa ndani ya silinda yenyewe, njia za moshi zilizozungukwa na maji ya radiateri, vyuma vinavyovumilia joto zaidi. BMW hata ilirudisha maji mu M4 GTS ya mwaka 2016, safari hii na kompyuta ya kuyapima. Akili ya Jetfire haikuwa mbaya. Ilikosa chombo cha kupimia.

9. Hapa kwetu

Gari nyingi zinazoingia kwetu zimetumika Japani ao Ulaya, na nyingi ziko na turbo. Zilipangwa kwa esanse ya huko. Esanse ya chupa pembeni ya barabara, ikichanganywa na petroli ya taa, inagonga mapema sana. Kompyuta ikisikia kugonga, inachelewesha moto wa buji. Moto ukichelewa, moshi unatoka wa moto zaidi. Moshi ukiwa wa moto zaidi, kompyuta inaongeza esanse ili kuokoa turbo. Kwa hiyo ile esanse ya bei ndogo inaisha haraka, na gari inakosa nguvu. Umelipa mara mbili.

Jambo la pili: filtri ya mafuta. Gari yenye filtri chafu inaweza kutembea vizuri mjini kwa miezi. Siku unapanda Ngomo na mzigo, moteri inaomba esanse nyingi, na pampu haiwezi kuipitisha. Mchanganyiko unakuwa maskini pale pale unapohitaji utajiri. Pistoni inaungua juu ya mlima, na watu wanasema ni uchawi ao mlima. Ni filtri ya bei ndogo.

Jambo la tatu ni onyo kwa wenye dizeli, juu malori yetu mengi ni ya dizeli. Huko hesabu inageuka. Dizeli inafanya kazi daima na hewa nyingi kuliko mafuta. Ukiongeza mafuta kwa kufungua pampu ili lori ipande haraka, haupozi kitu. Unapasha moto, unatoa moshi mweusi, na unaua turbo. Mwenye kusikia kwamba «mafuta mengi yanapoza» na kulipeleka mu dizeli, atachoma moteri ya tajiri wake.

Na sisi wa kilimo tuko na neno letu. Alkoli ya miwa inachukua joto zaidi ya mara mbili kuliko esanse inapogeuka mvuke, na haigongi haraka. Brazili ilianza mpango wake wa alkoli mwaka 1975, na leo esanse yake ya kawaida iko na alkoli zaidi ya robo. Miwa tunaijua, mu bonde la Ruzizi na kule Kwilu-Ngongo. Sisemi kesho tuweke alkoli mu kila tanki, juu chakula kinakuja mbele. Nasema kwamba dawa ya kugonga ilikuwa shambani tangu mwaka 1921, na dunia ikachagua sumu kwa sababu sumu ilikuwa na mwenyewe anayeiuza.

Mu historia hii, kila mahali ambapo kipimo kilikosekana, watu walitia zaidi: esanse zaidi, risasi zaidi, moshi zaidi. Kila mahali ambapo mtu alileta chombo cha kupimia, ao sheria ilimlazimisha kuhesabu, nguvu ilibaki na malipo yakapungua. Mutakutana na jambo hilo shambani, hospitalini, mu bajeti ya commune. Mtu akiwaambia «tuongeze tu», mumuulize kwanza amepima nini, na ziada ile inalipwa na nani.